Geti la Fundi Cheche

Ungeingia mtaa wa wageni mchana wa kawaida, kabla ya zile fujo, ungemsikia Cheche kabla hujamwona. Kwanza ungesikia grenda yake ikilia juu ya chuma, halafu ungesikia mdomo wake ukiishinda grenda. Jamaa alikuwa na kelele mbili, na ya grenda angalau ilikuwa na swichi.

Cheche ni fundi wa kuchomelea. Jina lake la kuzaliwa analijua mkewe na watu wa ofisi ya vibali, basi. Aliingia nchi hii kijana mwembamba, mkononi hana kitu ila miwani nyeusi ya kazi, na watu wa mtaa walikuwa wanamtania kwamba alivuka mpaka ameivaa, ndiyo maana hakuona anakwenda wapi. Yeye hakujali. Kila dirisha la mtaa ule lilikuwa na grili aliyoichoma kwa mkono wake. Za maua, za mawimbi, za jua linalochomoza, na moja ya simba ambaye kwa bahati mbaya alitoka anafanana na mama mkwe wa mwenye nyumba, kesi ikachukua muda kuisha.

"Dirisha lisilo na grili yangu si dirisha," alikuwa anasema. "Hilo ni tundu."

Ukimwuliza nani fundi bora mji huu, hakujibu. Alikutazama toka miguuni mpaka kichwani kisha anakuuliza, "Kwani wewe mgeni hapa?" Wenyeji walivunjika mbavu kusikia swali hilo linatoka kwake.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa kinyozi.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa mwanzo kabisa wa mtaa, pale unapokata kona kutoka barabara kubwa. Kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, chupa ya spiriti, na benchi la kusubiri ambalo Cheche alilichomelea mguu mara nyingi mpaka likawa lake zaidi ya kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa mwenyeji. Kazaliwa palepale, yeye na baba yake na babu yake. Mtu mnene, tumbo linamfikia mteja kabla ya mkono. Lakini huo mkono! Mkono wake wa kulia ulikuwa mwepesi hivi kwamba watoto wachanga walilala huku wananyolewa. Watoto wote wa Cheche, nywele zao za kwanza ziliangukia kwenye sakafu ile.

Hao wawili walikuwa watani, na utani wao haukuwa na breki.

"Mtani, leo umeleta kichwa au umeleta sufuria?"

"Nimeleta kichwa. Wewe leta mkono, maana juzi ulininyoa kwa tumbo."

"Tulia, mgeni. Nikikukata sikio nalipeleka kwa watu wa vibali kama ushahidi."

"Peleka yote mawili. Nimechoka kukusikiliza."

Siku ile mwanga wa kuchomelea ulipomchoma Cheche macho, akawa haoni, machozi yanamtiririka kama kaingiwa na pilipili, ni kinyozi aliyemshika mkono mpaka hospitali. Njia nzima anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni, namsindikiza bibi harusi!" Cheche analia na kucheka. Alikaa naye benchi la hospitali mpaka jua likazama, kibanda kimefungwa, wateja wamerudi na nywele zao.

Ndivyo walivyokuwa.

Fujo zilianzia mbali, upande wa pili wa mji. Mara vitu vimepanda, mara kazi hakuna, mara mtu fulani kasema jukwaani kazi zimechukuliwa na wageni. Maduka ya wageni yakachomwa kule. Watu wakakimbilia huku na mabegi, wengine na magodoro tu, wakasimulia. Mtaa ukaanza kulala na viatu.

Mtaa wenyewe ulikuwa hivi: mdomo mmoja tu unaotokea barabara kubwa, halafu nyumba zimebanana kushoto na kulia, halafu mwisho ni ukuta mrefu wa kiwanda. Ukiziba mdomo, umeziba mtaa. Hilo hata mtoto aliliona. Mkutano ukaitishwa kwenye duka la vitambaa la Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote, ila ndiye aliyetangulia kufika nchi hii na ndiye mwenye viti vya plastiki vya kutosha mkutano, kwa hiyo akawa mkubwa wao wote. Watu wakakaa katikati ya majora ya vitambaa. Mjomba akakohoa.

"Tunahitaji geti."

Vichwa vyote vikamgeukia Cheche. Na Cheche, mnamjua, alishasimama kabla hajaambiwa.

"Geti nitakalotengeneza," akasema, "paka akitaka kupita ataandika barua ya maombi."

Kesho yake asubuhi akatoka na futi yake ya kupimia. Sasa futi inataka watu wawili, na aliyekuja kushika ncha ya pili, bila kuitwa, alikuwa kinyozi, na sabuni ya kunyolea bado iko kidoleni. Wakapima kwanza pale kona, mbele ya kibanda. Pana mno. Ingebidi kuchimba nguzo, na chuma kingehitajika mara mbili ya alichokuwa nacho, na maduka ya chuma yote yamefunga. Wakasogea ndani kidogo, ng'ambo ya kibanda, pale kuta za nyumba mbili zinapokaribiana. Pazuri. Kuta zenyewe ndizo nguzo.

"Nivute mpaka wapi, mtani?"

"Rudi nyuma. Rudi. Kunja tumbo basi. Hapohapo."

Kinyozi akatazama alipokanyaga, akatazama kibanda chake mgongoni, akacheka.

"Sasa mimi nimebaki nje."

"Wewe si mwenyeji? Nani wa kukugusa?"

"Kweli bwana. Nitakuwa mlinzi wenu wa bure."

Cheche akapiga alama ya chaki ukutani. Futi ikajirudi yenyewe kwenye kifuko chake, chwaa, na kazi ikaanza.

Jioni mkewe alikuwa anafua ile suti yake ya kazi, matundu matupu ya cheche, akamwuliza bila kugeuka.

"Baba watoto, mbona shemeji umemwacha nje?"

"Yule mwenyeji, mama."

"Ana muhuri usoni?"

"Geti ni la kuzuia watu wa kwao. Watamfanya nini mtu wao?"

Mkewe akakamua nguo, akaikung'uta, akaitundika. Cheche akajua hajakubaliwa, ila alikuwa mtu wa kulala vizuri akishapima.

Geti likasimama. Alilitengeneza kwa vyuma vya kuokota: vitanda vibovu, grili zilizokataliwa, springi za lori. Chini bati nene, juu nondo zilizosimama wima, na kileleni ncha kali kama meno ya mtu mwenye hasira. Katikati akaweka kimlango kidogo chenye komeo na kufuli, watu waingie na kutoka. Kinyozi akawa anapita hapo mchana kwenda kula kwa Cheche kama zamani, tumbo likikwama kidogo kila siku, na kila siku Cheche anamwambia angejua angempima yeye badala ya barabara.

Halafu zikaja habari za mtaa mwingine wa wageni. Nao walikuwa na geti. Usiku mtu wa ndani akatishiwa watoto wake, akafungua kufuli. Habari ilipofika, Mjomba akamwita Cheche pembeni.

"Kufuli ni mtu, mwanangu. Na mtu anaogopa. Choma ule mlango uzibe kabisa."

"Watu watatokaje, Mjomba?"

"Watoke waende wapi? Tuna unga, tuna maji. Tunakaa ndani mpaka kutulie. Au wewe huwezi kuuchomoa baadaye?"

Ukitaka Cheche afanye jambo, mwulize kama hawezi. Akaleta mashine. "Kufuli linafunguka kwa kila mwenye ufunguo," akawatangazia waliokusanyika. "Chomeo langu linafunguka kwangu tu." Akavaa miwani. Kinyozi alikuwa nje, amesimama na mkono mbele ya macho kuzuia mwanga, anaangalia mlango wake wa kwenda kula unavyoshonwa.

"Mtani, ndiyo umenitaliki hivyo?"

"Ukitaka kuja niite. Nakukatia na grenda kabla hujamaliza kukohoa."

"Na nisipokohoa?"

"Basi utakuwa umekufa, nitakuja kukuzika. Nenda kanyoe watu."

Wakacheka. Watu wa ndani nao wakacheka. Ilikuwa raha kidogo, unajua, mtu anacheka akiwa nyuma ya chuma.

Siku umeme ulipokatika, ulikatika mji mzima, asubuhi. Watu wa mtaa wakalalamikia friji na simu. Cheche akalalamikia kazi, alikuwa na grili ya mtu haijaisha. Akaitupia teke mashine yake, akakaa kivulini. Fundi bora mji huu, na ndani ya kichwa hicho kikubwa kama sufuria hakikuingia kitu kimoja: kwamba ile grenda nayo inakula umeme. Alilijua kama anavyolijua jina lake. Hakulifikiria tu.

Mchana kelele zikasikika barabara kubwa. Kelele za watu wengi hazifanani na kitu kingine. Watu wa ndani wakatoka na mawe na ndoo za maji, wanawake wakaingiza watoto. Na kinyozi, ambaye alikuwa kakaa kwenye kiti chake mwenyewe bila mteja, kwa ubishi tu wa kutofunga, akaja mpaka getini na taulo begani.

"Mtani. Fungua."

Cheche akamwona kati ya nondo, jasho tupu. Na mdomo ukatangulia kama kawaida yake.

"Leo mwenyeji anaomba hifadhi? Lete picha mbili za pasipoti."

Nyuma watu wakacheka. Kinyozi hakucheka. Kwa miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza.

"Wananitaja," akasema. "Wanasema kinyozi wa wageni. Wanakuja kwangu kwanza."

Cheche akakimbia. Akarudi na grenda na waya mrefu, akachomeka kwenye soketi ya nyumba ya jirani, akapiga magoti mbele ya chomeo lake, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akaitikisa, akaipuliza, akabonyeza. Kuna mtu nyuma akasema taratibu, "Fundi, umeme hakuna." Jenereta ya Mjomba ilikuwepo, ila haikuwa na hata tone la mafuta.

"Ngazi!" Cheche akapiga kelele. Ngazi ilikuwepo, imeegemea nyumba ya pili, ile aliyopandia kuchoma zile ncha. Akaibeba mabegani peke yake. Alikuwa anataka kuivusha juu, kinyozi apandie kwa nje, yeye atandike magunia juu ya ncha. Ingewezekana. Tuseme ukweli, ingewezekana.

Mjomba akaishika ngazi.

"Ukiwavushia ngazi, watapanda wao."

"Mjomba, yule ni mtani wangu."

"Na humu kuna watoto wako. Kuna watoto wa wote hawa. Wameshafika kona, sikiliza. Iweke chini, mwanangu."

Wengine nao wakaishika. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma. Waliishika tu, mikono mingi, na kila mmoja macho yake yanatazama kando. Cheche angeweza kuvuta. Mikono ya fundi chuma, angewavuta wote mpaka getini. Akatazama dirisha la nyumba yake, grili ya jua linalochomoza, na nyuma yake vichwa vya wanawe.

Akaiachia.

Akachukua msumeno wa chuma, ule wa mkono, akaanza kukata chomeo. Chomeo lile lilikuwa nene kuliko yote aliyowahi kuchoma, alilipiga mara mbili kwa sababu ya kujionyesha. Msumeno ulikuwa unakwaruza tu. Yeye fundi, alijua kazi ile itaisha kesho. Akakata hivyohivyo, kwa nguvu zote, jasho likimwingia machoni, kwa sababu mtu akiwa anakata huwezi kumwambia hafanyi kitu.

"Mtani," kinyozi akasema juu ya kichwa chake, taratibu, vidole vyake vimeshika nondo. "Ile pale si ngazi?"

Cheche akaendelea kukata. Hakuinua uso.

"Mtani?"

Kisha vidole vikatoka kwenye nondo.

Mawe yalipoanza kupita juu, watu wa ndani wakamvuta Cheche nyuma ya ukuta. Hakuona. Alisikia. Alisikia kioo cha kibanda kikimalizika kuvunjika, akasikia chupa, akasikia moto ukishika lile benchi la mbao lenye miguu ya chuma. Akamsikia kinyozi anasema mimi wa hapahapa, mnamjua baba yangu, wewe nimekunyoa wewe. Halafu mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeuliza njia:

"Unanyolea mkono gani?"

"Wa kushoto," kinyozi akajibu.

Cheche, kule nyuma ya ukuta, alijua ni uongo. Ni utani ule ule, mtu yuko chini na bado anajaribu kuwachezea shere. Akajikuta anaomba waingie mtegoni.

Wakavunja yote miwili.

Baadaye waliligeukia geti. Walilipiga, walilitikisa, walileta gari wakalisukuma. Geti halikusogea hata unywele. Mwisho wakachoka, wakaenda kutafuta mtaa mwingine. Na jioni watu wa mtaa walimbeba Cheche juujuu. Wanawake wakampa mkono kwa machozi. Mjomba akamwekea mkono kichwani mbele ya wote, akasema, "Mwanangu, geti lako limetuokoa," na ilikuwa kweli, ndiyo ubaya wake. Hakuna nyumba iliyochomwa. Hakuna mtoto aliyeguswa. Cheche alisimama pale katikati anapongezwa, msumeno bado uko mkononi.

Umeme ukarudi. Akachomeka grenda, akakata kile kimlango. Kilikatika upesi kama alivyojisifu, kabla hujamaliza kukohoa. Upande wa pili kulikuwa na majivu, kiti cha chuma kimebaki mifupa, na ile miguu ya benchi imesimama yenyewe. Machomeo yake yote mazima.

Fujo zilipotulia alimfuata kinyozi kwa dada yake, mbali, upande wa wenyeji. Njia nzima alikuwa anatengeneza utani. Alikuwa nao mzuri, kuhusu mtu mwenye plasta mikono miwili atakavyokuna tumbo kubwa vile. Aliurudia moyoni mpaka mlangoni.

Dada mtu alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Kinyozi alikuwa amepungua, tumbo limelala. Alipomwona akatabasamu, tabasamu zuri, lile alilokuwa anawapa wateja wa mara ya kwanza.

"Karibu, fundi."

Cheche akakaa. Ule utani ukamwishia mdomoni.

"Watoto hawajambo? Mama yao?"

Siku zote alikuwa anasema shemeji.

"Hawajambo. Mtani, ile ngazi..."

"Najua. Ningekuwa ndani, na mimi ningeishika." Alisema bila hasira yoyote. Cheche angelipa chochote apate hasira. "Sina neno na wewe, fundi. Kweli kabisa."

Kijiko kikagonga bakuli. Kinyozi akamtazama kichwa, jicho la kazi, hilo halikuvunjika.

"Nywele zimekua."

"Nakungoja wewe," Cheche akasema. "Sinyoi kwa mtu mwingine."

Kinyozi akatazama ile plasta, vidole vilivyochomoza nje vimevimba na havikunji.

"Usingoje, fundi," akasema, na akamfungulia dada yake mdomo apokee kijiko kinachofuata.

Sasa hivi Cheche ana kazi kuliko alivyowahi kuwa nayo. Habari za lile geti zilienda mji mzima, na kila mtaa wa wageni unamtaka, wengine wanatuma gari kumchukua. Anachoma mageti. Mkewe anamkata nywele kwa mkasi, vibaya, upande mmoja juu upande mwingine chini, na hakuna anayethubutu kumtania, maana yeye mwenyewe hatanii tena. Grenda ikizimwa, karakana inakuwa kimya kabisa, mpaka wapita njia wanachungulia kuona kama kuna mtu.

Akienda kupima, huwa anapata watu tele wa kumsaidia kushika ncha ya pili ya futi. Anawaambia wakae. Anaenda mwenyewe, anailaza chini pale mwisho, na anaiwekea jiwe.